Foku ya milimita ngapi inaifaa baiskeli yako ya milimani?

Mteja akileta baiskeli ya milimani yenye foku iliyochoka (foku ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kubonyea ukipita shimo), ombi huwa karibu lile lile: itolewe ya milimita 100, iwekwe ya 140 au 150, barabara isimpige mikono. Kwa baiskeli nyingi zinazoendeshwa Mtwara na Lindi, kufanya hivyo ni kuiharibu baiskeli. Mara nyingi kinachoumiza mikono si ufupi wa foku. Ni foku iliyojaa mchanga, iliyokauka oili, au iliyotiwa upepo usiolingana na uzito wa mwendeshaji, na hayo yote yanarekebishika bila kununua kitu kipya.

Namba inayotajwa kwenye foku ni mwendo wake, yaani milimita ambazo mirija ya juu inaweza kuzama ndani ya miguu ya chini kabla ya kugota. Baiskeli za mbio za porini hutengenezwa kwa mwendo wa 100 hadi 120. Baiskeli za njia mchanganyiko, za kupanda na kushuka siku nzima, huwa na 120 hadi 150. Zenye 160 na 170 ni za watu wanaoshuka kwa kasi miteremko mikali ya mawe, na zile za 200 ni za kushuka tu. Wenyewe huzipandisha mlimani kwa gari.

Fremu ndiyo inayoamua

Kila fremu imechorwa kwa foku ya urefu fulani. Ukiongeza milimita 10 za mwendo, mbele ya baiskeli inanyanyuka karibu milimita 9, pembe ya foku inalala kwa takriban nusu digrii, na pedeli zinapanda milimita 3 hadi 4. Hizo mwili unazizoea upesi. Balaa ni kuruka kutoka 100 hadi 140. Hapo pembe inalala karibu digrii 2, pedeli zinapanda zaidi ya sentimita 1, siti inaegemea nyuma, na uzito wako unahamia gurudumu la nyuma. Ukiwa unatoka bonde la Ruvuma kuipanda ile kingo ya Newala, penye Shimo la Mungu, utaliona kosa hilo waziwazi: gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba huku na huku kwenye mwendo wa polepole, na panapokuwa na mwinuko mkali linaondoka chini kabisa.

Lipo pia la usalama, na hapa tunaomba asikilize hata yule aliyekwisha kununua foku ndefu. Foku ikirefuka, nguvu inayovuta bomba la mbele la fremu, lile foku inamopita, kila unapokita shimo inaongezeka. Fremu za alumini huanza kupasuka upande wa chini, nyuma kidogo ya bomba hilo, pale mirija ilipochomelewa. Osha sehemu hiyo, ikaushe, kisha imulike kwa tochi. Mstari mwembamba kwenye rangi unaofuata mshono wa kuchomelea uuchukulie kuwa ni ufa mpaka uhakikishiwe vinginevyo, na baiskeli isipandwe. Mtengenezaji naye huondoa dhamana ya fremu akikuta foku imezidi kipimo alichokiruhusu.

Kwa hiyo kanuni yetu ya karakana ni kurudisha mwendo ule ule wa awali, au kuongeza milimita 10. Tunafika 20 pale tu mtengenezaji wa fremu aliporuhusu. Baiskeli yenye shokapu nyuma pia hupendeza foku ikiwa sawa na mwendo wa nyuma au ikiuzidi kwa 10 hadi 20: nyuma 120, mbele 130 au 140.

Usinunue kwa namba ya mwendo peke yake. Foku mbili za 120 kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana urefu kwa sentimita nzima. Chukua futi ya chuma, pima kutoka katikati ya ekseli hadi pale beringi ya chini inapokaa juu ya bega la foku, yaani pale miguu miwili inapoungana. Pima foku ikiwa imenyooka, ina upepo, na hakuna mtu juu. Foku nyingi za gurudumu la inchi 26 zenye mwendo wa 100 huwa karibu milimita 470 hadi 480; za inchi 29 zenye 120 huwa karibu 510 hadi 525. Urefu huo ndio wa kulinganisha na ile ya zamani.

Njia zetu zinataka nini

Kwenye mchanga mzito, kama wa Msimbati au vijia vya katikati ya mikorosho, mwendo mrefu hausaidii chochote. Gurudumu la mbele linazama kwa sababu tairi ni jembamba au gumu. Foku iliyolala sana inaongeza kazi, maana usukani unataka kuanguka upande kila unapopunguza kasi. Hapo pesa iende kwenye tairi la inchi 2.25 hadi 2.4 lenye upepo wa wastani, na foku iwe na nafasi ya kulipokea: bakisha angalau milimita 6 kila upande na juu. Ukitumia tyubu usishushe upepo kupita kiasi, la sivyo jiwe la kwanza litaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili.

Barabara za changarawe zenye mawimbi, kama zile za kuelekea vijijini Ruangwa na Nachingwea, zina tatizo lake. Mawimbi yanakuja haraka haraka. Foku inayorudi polepole inabonyea wimbi la kwanza, haijanyooka wimbi la pili limeshafika, inabonyea zaidi, na baada ya mita chache unaendesha foku ya 120 iliyobakiwa na 60. Mwenyewe anahisi foku ni ngumu na anaamini ni fupi. Dawa ni kuharakisha kurudi kwake kwa kinobu cha chini ya mguu wa kulia, mara nyingi chenye rangi nyekundu, mlio mmoja mmoja, hadi gurudumu lishike ardhi bila kurusha mikono.

Mahali ambapo 130 au 140 inajilipa ni kwenye mawe yenyewe, kama kushuka miamba iliyo wazi kwenye vilima vya Masasi, kwa fremu iliyojengwa kwa kazi hiyo. Mtu wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi au Tandahimba anayechanganya lami, mchanga na vijia vya shamba, 100 hadi 120 yenye upepo na oili nzuri ndani inamtosha kabisa. Uzito wa mwili hauongezi mwendo unaohitajika, unaongeza upepo. Mtu mzito au anayebeba mzigo atazame unene wa mirija ya juu: milimita 34 au 35 inapinda kidogo kuliko 30 au 32, na breki inashika bila foku kutetemeka.

Kabla hujalipia foku ya mtumba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Shingo ya foku, ule mrija unaopanda ndani ya fremu, kwa kawaida imeshakatwa kulingana na fremu ya mwenye nayo wa kwanza. Jumlisha urefu wa bomba la mbele la fremu yako, beringi za juu na chini, na kishikio cha usukani. Shingo ikipungua hapo haiongezeki, na kuichomelea kipande ni hatari kwa maisha. Tazama pia umbo lake. Shingo iliyonyooka ni milimita 28.6 juu hadi chini. Iliyonenepa chini hufika 38.1. Iliyonyooka huingia kwenye fremu ya shingo nene kwa kuwekewa ringi ya kupunguza nafasi, lakini nene haiingii kwenye fremu ya zamani yenye tundu dogo.

Halafu ekseli. Habu (kitovu cha gurudumu) ya zamani ya milimita 9 haiingii kwenye foku ya ekseli ya 15, na zile za 15 zenyewe zina upana wa 100 na wa 110. Kama unatumia breki za kubana ringi, hakikisha foku ina vijiti vya kuzifungia. Foku nyingi za sasa zimeviacha, ni diski tu.

Kuipima ikishafungwa

Tumia pampu maalumu ya shokapu. Nafasi ya upepo ndani ya foku ni ndogo, na pampu ya tairi hupoteza kipimo pale unapoichomoa. Anza na upepo ulioandikwa kwa uzito wako nyuma ya mguu wa foku, ukihesabu pamoja na begi na maji. Sukuma chini kale kampira ka duara kwenye mrija wa juu, au funga kijikamba cha plastiki kama hakapo. Panda taratibu huku mtu ameshika baiskeli, simama juu ya pedeli kama uko njiani, kisha shuka bila kurukaruka. Foku ya 120 iwe imezama milimita 24 hadi 30. Ya 100, milimita 20 hivi. Ya 140, milimita 28 hadi 35. Ikizama zaidi, ongeza upepo kidogo kidogo.

Kisha iendeshe kwenye njia ngumu kuliko zote unazopita kawaida. Kampira kakibaki chini ya robo tatu ya mwendo, una milimita ulizolipia ambazo huzitumii, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia foku ndefu. Ikigota mara kwa mara ilhali mzamo wa kusimama uko sawa, usijaze upepo. Kwenye foku zinazokubali, tunaongeza kipande kimoja cha plastiki cha kupunguza nafasi ndani, nayo inakuwa ngumu mwishoni tu.

RockShox, watengenezaji wa foku, huagiza oili ya miguu ya chini ibadilishwe kila saa 50 za kuendesha. Kwa mchanga na hewa ya chumvi ya pwani, sisi tunashauri saa 30 hadi 40. Ukitoka ufukweni, mwagia maji baridi yasiyo ya kasi, futa mirija kwa kitambaa safi, usipulizie mashine ya presha kwenye sili, ile mipira inayozuia mchanga na maji kuingia ndani ya foku.

Ukija karakana kwa ajili ya foku, njoo na baiskeli nzima, gurudumu la mbele likiwemo, na jina la fremu kama bado linasomeka. Tutapima kabla ya kukutajia bei.