Mama Hawa, ishushe hiyo fidla ukutani

Fort Portal, 12 Juni

Mpendwa Mama Hawa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma palepale stendi ya teksi nimesimama, na usiku nikaisoma tena. Habari ya fidla imenikaa rohoni. Ati kijana anayeongoza kundi lenu la muziki anakuambia mbele ya wenzako kwamba kwa miaka yako 58 ukae ukumbini usikilize, uwaachie watoto! Nawe ukarudi nyumbani ukaitundika. Hapana, mwenzangu, hilo silikubali.

Kuna mahali panaitwa Marlboro, katika jimbo la Vermont kule Marekani, juu ya kilima kwenye nchi ya milima na misitu. Kila mwaka, majira yao ya joto, wanamuziki hukusanyika hapo wiki saba kupiga muziki wa chemba: watu watatu, wanne, watano, hakuna anayesimama mbele na kijiti. Walioanzisha mkusanyiko huo mwaka 1951 ni pamoja na Rudolf Serkin wa piano na baba mkwe wake, Adolf Busch wa fidla. Huyo Busch nampenda sana. Alikuwa Mjerumani, wala si Myahudi, lakini Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 alikataa kupiga tena katika nchi yake. Pamoja nao alikuwapo Marcel Moyse, Mfaransa wa filimbi, akiwa tayari na miaka 62. Sasa msikie na Pablo Casals, yule wa chelo: alikwenda Marlboro mara ya kwanza mwaka 1960 akiwa na miaka 83, na bado alikuwa akienda mwaka 1973, mwaka aliofariki. Angekuwa kwenye kundi lenu, wangemwambia aketi wapi?

Lakini si umri tu ninaoutaka uuone. Pale mzee mwenye jina dunia nzima hukaa kundi moja na kijana aliyetoka chuoni juzi, na pengine kijana ndiye anapiga fidla ya kwanza. Hawaitani mwalimu na mwanafunzi. Hata mezani hupokezana kuwapakulia wenzao chakula. Na mazoezi hayana haraka: kazi moja wanaweza kuirudia wiki kadhaa, na isipoiva haipelekwi jukwaani. Nyingi haziendi kabisa, na hakuna anayeona kwamba muda umepotea. Ninapowaza jinsi sisi tunavyopewa nota Jumatano tukapige harusini Jumamosi, natamani kulia.

Wala usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Umesahau amadinda ya kwa babu yako, ile ala ya mbao za kugongwa? Mbao 12 juu ya migomba, watu watatu. Babu upande huu, mjomba wako upande wa pili, kila mmoja akiingiza pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake, mpaka unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Mimi nilipewa zile mbao mbili za mwisho, fupi, za sauti ya juu. Nilidhani ni kazi ya mtoto, hadi nilipotakiwa kuudaka wimbo ndani ya mikono minne ya watu wengine. Babu hakunikemea. Alipunguza mwendo, akanitazama, akatikisa kichwa kila pigo langu lilipofika. Jioni nzima. Babu alikuwa na miaka mingapi wakati ule, na nani alithubutu kumwambia akae pembeni?

Kwa hiyo nimepanga hivi. Shule zikifungwa mwezi Agosti, panda basi uje. Viola, ile dada kubwa ya fidla, ninayo, na kijana wa jirani, Kato, ana chelo na sikio zuri, ila hajawahi kukaa na mtu wa kumsikiliza. Nimepata nota za trio ya mtunzi Schubert, yaani kazi ya wapigaji watatu, ile ya B bemoli aliyoiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 19. Alimaliza sehemu moja tu, nasi hiyo moja inatutosha. Tutakaa barazani asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Rwenzori, tuanze na mistari minane ya kwanza. Kama wiki mbili zitaisha hatujaivuka mistari hiyo, sawa. Hatumwaliki mtu.

Kato nimeshamwambia unakuja. Ameuliza kama wewe ndiye mwalimu. Nimemjibu wewe ni fidla.

Kabla ya safari legeza nyuzi kidogo, na upinde uupake ulimbo, maana umekaa sana. Na ukipita Kampala ninunulie uzi wa A wa viola. Nimebakiwa na mmoja, nao umeanza kuchakaa pale kwenye kidole cha kwanza.

Nisalimie Hawa na wadogo zake.

Wako,
Asha