Kilti haifungwi kama kikoi

Edinburgh, Jumatano

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleikum, na salamu nyingi kwa shemeji na watoto. Barua yako nimeipata. Unauliza uvae nini na kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti, kwenye sherehe ya Jumamosi ya wiki ijayo huko Glasgow, ambayo mwenyeji kasema ni ya kawaida tu, halafu usiku watacheza keili, yaani ngoma za Kiskoti. Nitakujibu kwa urefu, maana kosa linaloharibu vazi hili halianzi kwenye shati wala viatu. Linaanzia kiunoni, na aliyekulia na kikoi ndiye mwepesi wa kulifanya.

Kikoi tunakifunga chini ya kitovu, tunakikunja, kinakaa kwenye nyonga. Kilti inapanda juu zaidi: ukingo wake uwe usawa wa kitovu au vidole viwili juu yake, pale mwili unapojikunja ukiinama upande. Ukiishusha mpaka nyonga, pindo linateremka chini ya goti na unaonekana umeazima nguo ya mtu mrefu. Marinda ya nyuma nayo yanaharibika. Fundi ameyashona yashikane kutoka kiunoni mpaka penye upana wa makalio, kisha akayaachia. Kilti ikishuka, yanafumuka mahali pasipo pake, na vazi zima linaanza kuzunguka mwilini kila ukipiga hatua.

Kwa hiyo usimtajie mwenye duka namba ya suruali yako. Suruali inakaa chini ya hapo, na namba za madukani mara nyingi ni ndogo kuliko mwili wenyewe. Chukua tepu ya fundi, jipime kiuno usawa wa kitovu ukiwa na shati jembamba, bila kubana pumzi. Halafu pima makalio penye upana mkubwa, kisha urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti. Kilti ikifika, ivae na upige magoti mgongo ukiwa wima: pindo likose sakafu kidogo tu, kama sentimita mbili. Likilala sakafuni, ni ndefu. Likiwa juu kwa upana wa kiganja, ni fupi, na ukikaa utahangaika.

Kwenye suala la stara, najua linakusumbua, na una haki. Ukikaa, kitambaa hupanda juu ya goti. Omba pindo lifike ukingo wa chini wa pia ya goti, hakuna atakayekulaumu. Ndani vaa bukta nyeusi inayobana. Maneno unayoyasikia kwamba havaliwi kitu ndani yaache yalivyo: kilti ya kukodi imevaliwa na wengi kabla yako, na keili ina mizunguko ya kasi inayorusha marinda juu.

Kitambaa utakachopewa kitakuwa cha sufu. Kilti kamili hula yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, na karibu zote zimo kwenye marinda. Zipo za yadi 5, nyepesi na za bei nafuu, na kwa sherehe ya nyumbani zinafaa kabisa. Uzito wa kitambaa huhesabiwa kwa aunsi: 10 ni chepesi na hupeperuka, 16 ni kizito na huning'inia vizuri kuliko vyote lakini kitakupika ndani ya nyumba iliyojaa watu. Ukipata cha 13, chukua.

Usiogope kwamba huna ukoo wa Kiskoti. Hakuna sheria inayokukataza, na ipo michoro ya tartani, ile miraba ya rangi ya kitambaa cha kilti, inayovaliwa na yeyote. Ninayokupendekezea ni Black Watch, yenye buluu iliyokolea, kijani na nyeusi, kwa sababu inapatana na karibu kila shati ulilonalo. Royal Stewart, ile nyekundu, ni nzuri ila inataka kila kitu kingine kinyamaze. Tartani ya Balmoral iachie familia ya kifalme.

Namna ya kuivaa: marinda yote nyuma, upande ulionyooka mbele. Anza na pande la ndani. Mkanda wake wa ngozi unapita kwenye tundu lililoko kushoto na kufungwa kwenye bizimu ya nje. Kisha leta pande la juu kutoka kushoto kwenda kulia, ufunge bizimu ya kiunoni. Kama kuna bizimu ya pili chini yake, penye nyonga, ifunge kwa ulegevu. Wengi huivuta kwa nguvu wakidhani wanajihakikishia usalama, kumbe wanayavuta marinda yafunguke, na pande la mbele linajikunja. Ukimaliza, nyuzi za ukingo zining'inie upande wako wa kulia. Pini ya kilti ni pambo na uzito kidogo: ichome kwenye kitambaa cha juu peke yake, karibu na kona ya chini kulia. Ukiyashona mapande mawili pamoja, siku utakapopanda basi kwa hatua ndefu utachana sufu ya watu.

Sasa shati. Kwa kuwa kilti tayari ina rangi nyingi na mistari mingi, juu pawe patulivu: shati la pamba la rangi moja, kola ya kawaida, bila tai, kifungo cha shingoni wazi, mikono umeikunja mpaka chini ya kiwiko. Jeupe halikosei kamwe. Ukitaka rangi, ichague kutoka kwenye mstari mwembamba wa tartani, siyo kutoka kwenye eneo pana. Ukirudia ile pana unaonekana umevaa sare. Shati la miraba na kilti ya miraba, hapana. Chagua lenye mkia mrefu ulichomeke vizuri, na kwa nyuma ulivute likae bapa, maana mikunjo ya shati chini ya sufu ngumu huvimba kama mto. Fulana ikivaliwa nje inafunika kiuno, nawe unabaki kama umekatwa vipande viwili. Wapo pia watakaokushawishi lile shati pana lenye kamba shingoni linalokodishwa kwa kila mgeni. Lina watu wake, lakini kwenye sebule ya mtu linafanana na nguo ya jukwaani.

Jioni za Glasgow zina baridi hata wakati usioitarajia. Sweta ya sufu ya rangi moja, yenye shingo ya duara na inayoishia kiunoni, ndiyo jibu bora kuliko koti. Usije na koti la suti. Koti la kilti hukatwa fupi makusudi, ili marinda yaonekane yanapoanzia. La suti linayafunika nusu nzima na kuifanya kilti ionekane sketi. Kizibao cha twidi ni kizuri kikiwa kifupi, na ukikivaa, acha mkanda. Mkanda mpana wenye bizimu kubwa haushikilii kitu, kilti inajishikilia yenyewe.

Sporani, ule mfuko wa mbele, uwe wa ngozi ya kahawia au nyeusi, usio na manyoya wala madini ya kung'aa. Ya manyoya ni ya hafla rasmi. Juu yake pawe na nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye bizimu ya mkanda. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, omba ya kamba ya ngozi badala ya mnyororo, kwani mnyororo hukwaruza sufu kwa nyuma. Kilti haina mfuko, kwa hiyo utashawishika kuipakia simu, funguo, pochi na chaja. Ikijaa sana inainama mbele na kukupiga kila hatua. Funguo na noti chache zinatosha, simu iwe mfukoni mwa koti la baridi. Muziki ukianza, isukume sporani izunguke hadi ubavuni.

Miguuni ndipo ninapokuomba uwe makini zaidi, kwa kuwa hapo watu hutazama. Zikatae soksi nyeupe zinazokuja na furushi la kukodi. Zinavuta jicho lote chini. Chukua kijivu cha makaa au kijani kilichoiva. Kwa sherehe ya kawaida una njia mbili. Ya kwanza ni soksi ndefu iliyokunjwa vidole vitatu chini ya pia ya goti, na lastiki imejificha ndani ya kunjo. Vile vitepe viwili vya rangi vilivyo kwenye lastiki vichungulie kama sentimita tano upande wa nje wa mguu. Lastiki ikilegea, soksi itakuwa kifundoni kabla chakula hakijaletwa. Ya pili ndiyo ningekuchagulia: buti za ngozi za kahawia zinazoishia juu ya kifundo, na soksi nene za sufu zilizokunjwa juu ya buti, bila vitepe. Sufu nzito inataka kiatu chenye mwili. Viatu vyembamba vya ofisini vyenye ncha vinafanya miguu ionekane vijiti. Angalia tu soli: meno makubwa ya mpira hunata sakafuni, na katika ngoma ya Strip the Willow, ambapo watu hukuzungusha mkono kwa mkono mstari mzima, goti ndilo litakalolipa.

Kisu kidogo cha soksini, kinaandikwa sgian dubh na kutamkwa skiandu, kiache dukani. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1995 inakiruhusu kikiwa sehemu ya vazi la taifa, lakini hapo ni nyumbani kwa mtu, kuna watoto na kuna kucheza.

Kukaa nako kuna adabu yake. Pitisha migongo ya mikono nyuma, uyapanguse marinda chini yako yalale upande mmoja, ndipo ukae. Sporani itaangukia katikati na kulituliza pande la mbele. Usipofanya hivyo utaamka na mikunjo inayotaka pasi ya mvuke. Ukirudi, itundike kwenye hanga la vibanio, kiuno juu, usiku mzima kabla ya kuifunga. Ikidondokewa na mchuzi, gusagusa kwa kitambaa kibichi chenye maji baridi. Usiisugue, na usithubutu kuitia kwenye mashine ya kufulia.

Jipime leo jioni, shemeji ashike tepu, maana peke yako utainama na namba zitadanganya. Niandikie zote tatu, kiuno, makalio na urefu, pamoja na saizi ya buti zako, nami nitakuambia uagize ipi kabla ya Ijumaa.

Wako,
Hamadi