Diaspora ni nani, na nani siye?

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili neno diaspora limeshanichosha. Jumapili tulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu hapa Tanga, katibu kashika daftari anasoma michango, fulani elfu hamsini, fulani kaahidi laki, alafu akafika kwa binamu yetu aliyeko Houston, "na diaspora wetu katuma milioni moja", watu makofi na vigelegele. Mi nimekaa palepale, nipo likizo, Durban huu mwaka wa 11 nanyoa watu saluni, sijaitwa diaspora hata siku moja, mi ni "yule wa Sauzi" basi. Dada yetu anayefanya kazi za ndani Maskati ndo kabisa, yeye "yuko Uarabuni", na mabati tuliyokaa chini yake siku hiyo ni jasho lake.

Kinachochekesha zaidi, binamu alishachukua uraia wa Marekani, na sheria yetu haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo yeye ndo si Mtanzania tena, mi na dada wenye pasi ya Tanzania ndo hatuhesabiwi!

Neno lenyewe la Kigiriki, maana yake kutawanyika, zamani likiwataja Wayahudi waliotapanyika nje ya nchi yao. Ni la kundi, kama ukoo, sasa utamwambiaje mtu mmoja "we ukoo, njoo ule"? Ila sisi tushalifanya cheo. Kwenye hotuba za wakubwa halikai peke yake, lazima lifuatane na uwekezaji au kutuma pesa. Na wala si zamani sana watu haohao wa Ulaya na Marekani tuliwaita wabeba boksi, tukiwacheka, kazi hazijabadilika sana, jina tu ndo limevaa suti.

Mbona ughaibuni tunalo? Limetoka kwenye ghaibu, kile kisichoonekana kwa macho, na hapo tunaingia sote, wa Houston, wa Maskati, hata sisi vinyozi, maana mama akiandaa futari hakuna anayetuona hata mmoja awe katuma milioni au hajatuma kitu.

Kikao kingine ni Jumapili hii, mi nimeahidi laki mbili, ngoja nione katibu ataniandika nani.

Yule wa Sauzi,
Tanga