YAH: Kozi yenu ya Kituruki inafundisha makosa kwenye viambishi

Habari zenu huduma kwa wateja,

Mimi ni mteja wenu wa kulipia, pesa ya mwaka mzima mnayo, na naandika kuhusu masomo ya viambishi vya umiliki, yaani vile vipande vinavyobandikwa mwisho wa neno kuonyesha kitu ni cha nani, maana kila nikibonyeza pale pa kuripoti kosa hamna anayejibu.

Kwanza hii ya evini. Swali lilisema "Evini gördüm", nikaandika niliiona nyumba yako, nikapigwa mkasi eti jibu ni nyumba yake tu. Jamani, nyumba yako ni evin, nyumba yake ni evi, zikiwa yambwa, yaani kile kinachotendwa kama hapa kinachoonwa, zote mbili zinakuwa evini, hata Mturuki mwenyewe ukimpa sentensi hiyo peke yake hawezi kujua ni ya nani, ndo maana pakiwa na utata wanatanguliza senin (yako) au onun (yake). Kubalini majibu yote mawili au wekeni hayo maneno kwenye swali.

La pili ndo limeniuma zaidi. Somo la mahali mmeandika "arabasıda" kwa maana ya ndani ya gari lake, na mtu akiandika arabasında mnamkosesha! Kwenye Kituruki baada ya umiliki wa "yake" lazima n iingie kabla ya -de au -da ya mahali, evinde (nyumbani kwake), arabasında, wakati nyumbani kwangu ni evimde tu, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa kama hamjawaeleza. Kiuzbeki ndo wanasema uyida (nyumbani kwake) bila hiyo n, lakini mimi nimenunua kozi ya Kituruki. Kuna vijana wanajiandaa kwenda kusoma Uturuki, kuna wafanyabiashara wanaofuata mzigo Laleli kule Istanbul, wote hao mnawafundisha kosa halafu wanalipia.

Halafu maelezo yenu yamehamishwa tu kutoka kozi ya Kiingereza, mnatuelezea evi (hii sio ya nyumba yake, ni ev, nyumba, ikiwa yambwa) kwa "the" ambayo sisi hatuna, wakati Kiswahili kinasaidia vizuri kabisa: ev aldım ni nilinunua nyumba, evi aldım ni niliinunua ile nyumba.

Naomba mrekebishe masomo hayo, mnirudishie pointi mlizonikata, na kama hamwezi basi mnirudishie pesa ya miezi iliyobaki. Picha za skrini nimeambatanisha, nataka zisomwe na mtu anayekijua Kituruki sio lile jibu la roboti.

Mteja wenu,
Dar es Salaam