Niliilazimisha laptopu kupokea BIOS isiyo yake, sasa nimpe fundi yupi?

Kwako Mshauri wa Kompyuta,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Majengo hapa Mombasa, na riziki yangu ni kuchapa. Watu huniletea maandishi ya mkono, nami huwatolea kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya madrasa na mikataba ya nyumba. Miaka saba kazi hiyo nimeifanya kwa laptopu moja ya mwaka 2012, niliyoinunua mtumba zamu yangu ya chama ilipofika. Hii ni wiki ya tatu haiwaki, na aliyeiharibu ni mimi mwenyewe.

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 niliingiwa na hofu, maana ndani ya mashine hii mna namba za vitambulisho na mikataba ya watu. Nikataka kuweka Windows 11. Video moja ikanielekeza nianze kwa kuweka BIOS mpya, ile programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na kuiamsha mashine kabla Windows haijaanza. Nikaingia kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, nikapakua. Kumbe kuna modeli mbili zenye namba moja, ila moja imemalizikia kwa herufi s. Yangu haina s. Nilichukua faili ya yenye s.

Na programu ilikataa! Iliniambia wazi kwamba faili hii si ya mashine hii. Mimi nikadhani ni uzee wa mashine tu, nikarudi kwenye video, nikaona namna ya kuilazimisha, nikailazimisha. Upande wa stima nilikuwa mwangalifu sana: nilingoja usiku wa manane, betri imejaa, chaja imechomekwa, watoto wamelala wasije wakagusa swichi. Hofu yangu yote ilikuwa stima isipotee katikati. Mstari ukajaa hadi asilimia 100, mashine ikajizima ili ijiwashe tena, na haikurudi.

Hali yake sasa ni hii. Nikibonyeza kitufe taa inawaka, feni inavuma kwa nguvu, kioo cheusi tii. Taa ya Caps Lock inapepesa mara mbili, inatulia, inapepesa mara mbili tena, hivyo hivyo mpaka niizime. Kijitabu cha mashine kinasema mara mbili ni BIOS iliyoharibika. Ingekuwa RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ingepepesa mara tatu.

Nimetoa betri kubwa, nikatoa na ile ya duara, CR2032, nikaziacha nje usiku kucha. Wapi. Kisha nikaweka BIOS iliyo sahihi kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, nikashika kitufe cha Windows pamoja na B huku nikiwasha, kama kijitabu kilivyoelekeza. Taa ya flashi ikawaka mara moja, ikazima. Nimerudia kwa flashi tatu, tundu zote. Nahofia hata ile sehemu ya BIOS inayotakiwa kuisoma flashi nimeifuta.

Kazi za watu ziko salama, alhamdulillah. Mtoto wa dada yangu anasomea kompyuta. Alifungua skrubu, akatoa hadi diski, akaitia kwenye kikasha cha USB, na mafaili yote yakasomeka kwenye mashine yake. Ni yeye pia aliyenieleza kwamba Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na prosesa za aina ambayo mwaka 2012 haikuwa imetengenezwa. Hata BIOS iliyo sahihi isingenifikisha huko. Nililia niliposikia hivyo, kwa sababu mashine yangu haikuwa na kasoro yoyote.

Nimewaendea mafundi wawili. Wa kwanza, upande wa Mwembe Tayari, hakuifungua. Alisema mazabodi imekufa, nitoe shilingi 9,500 aweke nyingine ya mtumba. Wa pili ni kijana wa Kongowea. Huyu alifungua mbele yangu, akanipa lenzi, akanionyesha chipu nyeusi ndogo kuliko punje ya mahindi, ina miguu minane, minne huku na minne huku, imeandikwa 25Q64. Miguu miwili ilikuwa imeshika ukijani. Akasema ni chumvi ya hewa ya bahari, akaisugua kwa mswaki na spiriti mpaka ikang'aa. "Bodi yako nzima, mama," akaniambia. "Kilichoharibika ni maandishi yaliyo humu." Kazi yake ni kuibana chipu kwa kibanio chenye waya unaokwenda kwenye kifaa kiitwacho CH341A, aifute, aiandike upya. Anataka 3,500.

Moyo wangu uko kwa huyu kijana, ila kuna mambo yananikosesha usingizi. Mpwa wangu anasema baadhi ya vifaa vya CH341A hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, na chipu hii ni ya volti 3.3. Nitamwambiaje fundi apime kwanza kwa mita bila kumvunjia heshima?

Tena anasema anayo BIOS aliyoitoa kwenye mashine nyingine ya modeli kama yangu. Je, hiyo haitaniletea namba ya mashine ya mtu mwingine, na anwani yake ya mtandao? Nilifikiri kwanza aisome chipu yangu mara mbili, alinganishe nakala zote mbili, ahifadhi, ndipo afute. Lakini baada ya kosa langu, namba zangu bado zimo humo? Na faili niliyopakua kwa watengenezaji ni ndogo kuliko chipu, ambayo inachukua megabaiti 8 kamili. Inaweza kuandikwa vile ilivyo, au kuna kitu cha kutoa au kuongeza kwanza?

La mwisho ni pesa. Nina 6,000 mkononi. Laptopu ya eksi-yuke, yaani mtumba wa kutoka Uingereza, niliyoulizia ni 15,000, na kadi za harusi mbili nazichapa kwa mashine ya kuazima. Ungekuwa mimi, ungetia 3,500 kwenye mashine ya 2012?

Kijana amenipa hadi Jumamosi. Nimemwambia asiguse kitu mpaka nipate jibu lako, na mashine nimeirudisha nyumbani. Nimeifunga kwenye leso, iko juu ya kabati watoto wasipofika.

Wako,
Mchapaji wa Majengo, Mombasa