Shoga, anza na muziki, magofu yatakusubiri

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Mambo vipi huko Mwanza, wazima nyie? Huku tupo, joto la Dar unalijua mwenyewe.

Meseji yako nimeisoma yote, ile ndefu ya kulalamika kwamba wewe na shemeji mkitoka kazini ni kochi tu kila mtu na simu yake, alafu mkiona picha zetu za wikiendi mnadhani tumeokota hela mahali. Hatujaokota. Mshahara wetu unaujua, na mume wangu, shemeji yako, unamjua vizuri, ukimwambia habari za likizo ya wiki nzima anakuuliza ada ya Januari atalipa nani. Sisi tunaondoka Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri, Jumapili tupo nyumbani. Na kila safari tunaianzia kwenye muziki, mambo ya mji gani na hoteli gani yanafuata baadae. Nani anapiga, wapi, lini, basi, hapo ndo safari imepatikana.

Maana ukisema siku moja tutaenda Bagamoyo, hiyo siku moja haifiki ng'o, leo msiba, kesho kikao cha harusi, keshokutwa mtoto ana mafua. Ila kukiwa na onyesho Jumamosi na tiketi mshanunua, mtu mwenyewe anaanza kutafuta wa kumuachia watoto bila kusukumwa. Magofu ya Kaole yapo pale toka karne ya 13, hayana haraka na mtu, bendi ndo ina tarehe.

Alafu imetumalizia ugomvi. Mie nikiona mlango wa nakshi naweza kusimama hapo mpaka wenye nyumba watoke kuniuliza nataka nini, mume wangu kwake ukuta ni ukuta tu. Yeye ni mtu wa dansi, Msondo damu, bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na babake ni wa Sikinde, bendi pinzani, toka ilipoanzishwa 1978, hao wawili wakikutana sikukuu wanabishana mpaka pilau linapoa. Sasa hivi tumegawana, usiku ni wa kwake, asubuhi ni ya kwangu, na hakuna kununa.

Zanzibar ndo imetukaa zaidi. Kila Februari kuna Sauti za Busara, tamasha lilianza 2004, jukwaa kubwa lipo ndani ya Ngome Kongwe ile waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kumtoa Mreno. Unakaa chini ya kuta za mawe za zaidi ya miaka mia tatu, mbele yako bendi ya Afrika Magharibi sijui wanaimba kilugha gani ila mwili unaelewa, alafu tiketi ya Mtanzania ni rahisi kuliko ya mgeni kwa hiyo usiogope ukiona bei ya dola. Utamu wake kila kitu ni kutembea kwa miguu. Forodhani ipo hapo mbele, mnakula urojo na juisi ya miwa (pweza na kamba ulizia bei kabla hajaweka jikoni, usije ukashtukia bili), mnavuka barabara mko kwenye muziki. Pembeni ni Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultani Barghash la 1883, ile iliyobomoka upande Desemba 2020, mie kila nikipita roho inaniuma.

Asubuhi nilimpeleka Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Yule baba anayesema ukuta ni ukuta, alitoka kule chini kwenye vyumba hajasema neno mpaka tumefika Darajani. Nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, kule Shangani tuliipiga picha kwa nje tu, kazaliwa Zanzibar 1946, inatosha kujua.

Ila usisubiri tamasha tu, maana wiki ile vyumba vinapanda na watu wamejaa. Wikiendi ya kawaida ulizia taarab, kuna chuo chao cha muziki, DCMA, kipo toka 2002, wanafunzi na walimu wanapiga jioni, na kuna Ikhwani Safaa ambao wapo toka 1905, yaani kikundi kimeanza kabla babu zetu hawajazaliwa. Shemeji yako alikaa pale amekunja mikono, ananinong'oneza mbona hakuna solo, gitaa liko wapi. Nikamwambia tulia sikiliza fidla. Ilivyoingia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na akodiani juu yake naona mguu umeanza kucheza wenyewe. Mara mama mmoja kanyanyuka na noti yake, anakwenda kwa madaha taratibu mpaka mbele kumtunza mwimbaji, na mwenzangu nae hajauliza hajaelezwa kanyanyuka na msimbazi mkononi, elfu kumi nzima shoga, mtu huyu huyu anayebishana na konda wa daladala kwa mia! Sasa beti lenyewe lilikuwa linawasema wanaume wanaochelewa kurudi nyumbani. Kina mama walipiga vigelegele nusura paa liondoke, yeye anadhani wanamshangilia. Nimemuacha hivo hivo mpaka leo hajui.

Ukienda beba kitambulisho, kwenye boti bei ya mkazi na ya mgeni ni mbingu na ardhi, na ni kama masaa mawili kwa hiyo Februari kaskazi ikivuma kaa chini, nyuma, usijifanye kwenda juu kupiga picha. Na usichanganye mji na fukwe za Nungwi wikiendi moja, utaishia kuijua barabara tu. Lingine, angalia kalenda ya Ramadhani, inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, mwezi mtukufu taarab inanyamaza, ila Idi Mosi na Idi Pili ndo penyewe, kila ukumbi una kitu.

Bagamoyo ni ya wale wenye hela ya mawazo, kilomita kama 65 tu kutoka mjini, unapanda gari Makumbusho unashuka. TaSUBa, chuo cha sanaa cha pale, wana tamasha lao mwishoni mwa mwaka, ngoma, sarakasi, maigizo, wanafunzi wale wanapiga ngoma mpaka kifua chako kinajibu. Mchana Kaole, guide atakuonyesha kaburi moja anakwambia ni la mke na mume waliozama baharini pamoja, shemeji yako akanishika mkono pale, na sio mtu wa kushikana mikono hadharani. Misheni nayo nzuri, ule mnara wa kanisa ilimowekwa maiti ya Livingstone 1874 kabla haijavushwa Zanzibar. Gesti tuliyolala sikutajii, feni ilikuwa inalia usiku kucha, wewe lala karibu na chuo ili usiku mrudi kwa miguu.

Moro siku hizi ni treni ya umeme toka 2024, chini ya masaa mawili mmefika, unakunywa chai Dar unakula mchana unaangalia Uluguru. Mume wangu anakwenda kwa heshima ya Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, wale wakongwe wa dansi wa Moro, anasema mji ule una deni la dansi, bendi za Dar zikienda kupiga kule wikiendi anakuwa wa kwanza kulipia. Mie nakwenda kupanda mlima asubuhi kabla jua halijawa kali, na kununua ndizi na mboga, basi.

Hela sasa, maana najua ndo swali lako. Tuna kibubu, na tulikubaliana kadi ya harusi ya mtu tusiyemjua vizuri hatuchukui tena double. Yaani tunachangia laki watu wakale kuku wakapige picha na keki, alafu sisi wenyewe hatujatoka nje ya geti mwaka mzima! Watu wamenuna kidogo kwenye magrupu, watazoea.

Sasa wewe usiniambie Mwanza hakuna kitu. Hapo Kisesa una Bujora, makumbusho ya Wasukuma, na kila Juni wana sikukuu ya Bulabo, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana, watu wanacheza na chatu shingoni, na sisi huku tunaota kuiona. Asubuhi yake mnavuka kwenda kisiwa cha Saanane mara moja kuona swala na pimbi, kiboti ni dakika chache tu. Umekaa miaka yote hiyo hujawahi kwenda hata kwa bahati mbaya?

Kwa hiyo sikiliza, tunakuja. Niulizie tarehe kamili ya Bulabo, maana inafuata sikukuu ya Ekaristi na inahamahama, alafu nijibu mapema nitafute nauli kabla haijapanda. Tutalala kwako, chumba cha watoto kinatosha, ila shemeji yako anakoroma nakwambia kabisa. Na mwambie mumeo aweke simu chini Jumamosi hiyo, tunatoka wanne.

Nisalimie watoto.

Shoga ako wa Tabata