Malalamiko kuhusu fuwele za kloridi ya rutheni

Kwa Meneja wa Mauzo,

YAH: FUWELE ZENYE KASORO YA MPANGILIO WA TABAKA

Ndugu,

Mlituuzia fuwele sita za kloridi ya rutheni mkituhakikishia kuwa tabaka zake zimepangika bila kasoro. Hazikupangika.

Tulizipima joto mahususi, yaani kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha jotoridi lake, siku ileile zilipofika. Fuwele safi ya aina hii huonyesha kilele kimoja chembamba kwenye kelvini 7 hivi (nyuzi 7 juu ya sifuri halisi, kikomo cha baridi), pale spini, yaani sumaku ndogondogo za elektroni, zinapojipanga kwa mistari ya zigizaga. Nne kati ya zenu zilionyesha kilima kipana kati ya kelvini 10 na 14. Mbili zikaonyesha vyote viwili. Maana yake tabaka zimeteleza.

Mhudumu wenu aliniandikia kwamba tofauti hiyo ya kelvini saba ni ndogo. Si ndogo hata kidogo. Atomu za rutheni zimekaa mithili ya sega la asali, na kwa kuwa spini ya elektroni imefungamana kwa nguvu na mwendo wake wa kuzunguka kiini, kila atomu huvutwa na majirani watatu kuelekea pande tatu tofauti, isiweze kuwaridhisha wote. Mkwamo huo ndio tunaoutafuta. Mwaka 2006 mwanafizikia Alexei Kitaev alionyesha kuwa mfumo wa namna hiyo unaweza kubaki kimiminika cha spini, yaani hali ambayo spini hazijipangi hata kwenye sifuri halisi. Kloridi ya rutheni haifiki huko yenyewe. Mpangilio wake huvunjwa kwa uga wa sumaku wa tesla 7 au 8 ulio sambamba na tabaka. Tabaka zikiteleza, spini hujipanga mapema, nasi hatujui tena tunachopima ni cha spini au ni cha kasoro. Ubishi juu ya upitishaji joto wa fuwele hizi, uliowaka tangu matokeo ya 2018 yaliyodai kuona dalili za kimiminika hicho, unachochewa pia na sampuli zisizofanana.

Najua fuwele hizi ni laini mno, hata wembe huziharibu. Ndiyo maana hatukuzikata. Tulizishika kwa grisi tu. Lakini zilitufikia zimebanwa kwa utepe wa kunata kati ya vioo viwili, na mbili zimepinda.

Naomba fuwele sita nyingine, kila moja na mchoro wake wa joto mahususi uliopimwa kabla ya kufungashwa, au mturudishie fedha zote. Michoro yetu nimeiambatanisha. Mwanafunzi wangu ametengewa siku nne kwenye sumaku kubwa mwezi ujao na zamu hiyo haiahirishwi, hivyo nasubiri jibu lenu ndani ya siku saba.

Wenu katika kazi,

Mtafiti Mkuu,
Maabara ya Fizikia ya Jotoridi la Chini